Reli, Mkonge na Jina la Kaka: Shajara ya Safari ya Riwaya

Jumapili, Kigoma

Babu alitoka Buha, nchi ya Waha huku Kigoma, akaenda Tanga, hakurudi tena. Mimi nimezaliwa Tanga na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukanyaga Kigoma. Mkobani nina nusu ya mswada wa riwaya ya vijana wa sekondari, inayomhusu kijana wa miaka 15 anayeondoka kwao kwenda kukata mkonge. Umekwama, na najua umekwama wapi.

Yote niliyosikia kuhusu ujana wa babu, niliyasikia kwa babu mwenyewe akiwa mzee. Na mzee akisimulia ujana wake, anausimulia ukiwa umeshapata majibu. "Nikaenda, nikateseka, nikamwoa bibi yenu, nikajenga." Kila tukio limeshapewa maana yake. Msomaji wa miaka 14 hawezi kukaa ndani ya simulizi ya namna hiyo, maana yeye mwenyewe hajui kesho yake ikoje, na anataka mhusika asiyejua pia. Kwa hiyo nimekuja kumvua babu hekima yake yote, nimrudishe mahali ambapo hajui hata treni itasimama wapi.

Historia ile kubwa ninayo. Mkonge uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, miche ikitoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo yakaota mashamba ya Tanga, Muheza, Korogwe, Kilosa na Morogoro. Mashamba yakataka watu wengi kuliko waliokuwa tayari kwenda, ndipo wakaandikishwa wa mbali: wa Kigoma, wa Songea, hata wa Ruanda-Urundi na Msumbiji. Hao ndio manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, chombo chao cha kuandikisha wafanyakazi. Wakati huohuo serikali ya Mwingereza inadai kodi ya kichwa kwa fedha taslimu, na Buha fedha taslimu hazipatikani kirahisi. Haya yote yamo daftarini. Kitabuni mengi hayataingia, kwa sababu kijana wangu hakuwa na daftari.

Jumatatu, Kasulu

Barabara ya kuja huku ni ya lami, asubuhi moja tu unafika. Nimepokelewa na ndugu ambao sikuwahi kuwaona, wakanipeleka moja kwa moja kwa bibi, mdogo wake babu, kitinda mimba wao. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na hakuacha kuchambua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa yule binti yake wa Tanga?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Kaa. Una miguu yake."

Nilitaka kujua mwaka. Kwetu Tanga hakuna aliyewahi kuujua, na kwa riwaya ya safari mwaka ni muhimu, kwani ndio unaokuambia barabara gani ilikuwepo, reli ilifika wapi, nani alikuwa anatawala. Bibi hahesabu miaka kwa tarakimu. Ila anakumbuka watoto wa shule walivyopangwa mstari wakapewa vibendera kwa ajili ya sherehe za Malkia, na anakumbuka kwamba siku ile kaka yake alikuwa ameshaondoka, aliondoka mavuno ya kabla ya hapo. Elizabeth alivishwa taji Juni 1953. Basi ni 1952. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu nimeupata mwaka kutoka kwenye kumbukumbu ya mtoto, na ndiyo namna ambayo kijana wangu naye atakavyoujua wakati wake: kwa mavuno na kwa vibendera, si kwa kalenda.

Kisha bibi akaniambia jambo ambalo kwetu halijawahi kusemwa.

Sisi wa Tanga tulikua tukiambiwa kwamba babu "alichukuliwa". Kwamba walikuja watu wa mashamba, wakamwandika, akaenda. Bibi anasema hapana. Aliyeandikishwa ni kaka yao mkubwa. Kodi ya kaka huyo ilikuwa imemlemea, akaweka dole gumba, siku ya kuondoka ikapangwa. Kabla haijafika akapata kidonda mguuni, mguu ukavimba, hawezi kukanyaga chini. Babu, ambaye kwa umri asingeandikishwa, akachukua stakabadhi ya kodi ya kaka yake, ambayo enzi zile ndiyo iliyokuwa kitambulisho cha mtu, akaenda kujipanga kwenye mstari kwa jina la kaka.

"Alijitolea," nikasema.

Bibi akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa pembeni. "Alijitolea, ndiyo. Na alikuwa anataka kuliona gari la moshi. Usiku ule hakulala kwa furaha. Mama analia, yeye anauliza gari la moshi linakunywa maji kiasi gani."

Nimeandika sentensi hiyo kama alivyoitamka. Miezi mingi nimekuwa namwandika kijana mwema anayebeba mzigo wa ukoo, na kila sura ilikuwa inalala. Sasa ninaye kijana anayefanya jambo jema kwa sababu mbili, moja anaweza kuitaja mbele za watu na nyingine hawezi. Kila kijana ninayemfahamu anaishi hivyo.

Nilimwomba ruhusa, maana hii si hadithi yangu peke yangu. Waliokuwa wakubwa wakati ule wote wamekwisha tangulia mbele ya haki, amebaki yeye. Alifikiri kwa muda. "Andika. Ila jina lake la kweli liache kwetu." Sawa. Kitabuni atakuwa na jina lingine, na hapa pia silitaji.

Jumanne, Kasulu hadi Kigoma

Leo nimekodi gari ili niweze kusimama nitakapo. Kutoka Kasulu hadi Kigoma ni karibu kilomita 100, na kwa maneno ya bibi walikwenda kwa miguu, kundi zima, wakilala njiani. Nimeteremka mara kadhaa nikatembea vipande vya barabara pamoja na wanaotoka shambani. Nilitaka kujua mambo madogo: kivuli kiko wapi saa saba, maji yako wapi, mtu akigeuka nyuma anaacha kuviona vilima vya kwao wakati gani.

Hili la mwisho nililihitaji sana. Katika mswada nilikuwa nimeandika kwamba kijana anageuka, anaviona vilima vya kwao mpaka jioni. Si kweli. Barabara inapinda, bonde linakufunika, na vilima vinapotea mapema kabla hata hujachoka, halafu vinakuja vingine vinavyofanana navyo. Kijana asiye na ramani angeweza kudhani bado yuko kwao. Hilo ni zuri kuliko nililokuwa nimelibuni, na limo daftarini tayari kama sura.

Ziwa nalo linachelewa kujitokeza. Sikuliona mpaka tulipokuwa karibu kuingia mjini. Kwa mtu aliyekulia kwenye vilima na mito, maji yasiyo na ng'ambo ni jambo la kumnyamazisha. Lakini nimejizuia. Mtoto wa miaka 15 akiwa katikati ya wanaume wazima ambao wengine wameshalivuka ziwa hilo hatasimama na kustaajabu mbele yao. Atajifanya hajashangaa. Nimeandika hivyo: analiona ziwa, anainama kufunga kitu ambacho hakijafunguka.

Jumatano, Kigoma na Ujiji

Stesheni ya Kigoma ni jengo la Wajerumani, na reli inaishia hapo karibu na maji. Ilifika mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita. Bandarini ndipo ilipounganishwa meli ambayo leo tunaiita Liemba. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikasafirishwa kwa vipande ndani ya masanduku, ikaingia majini 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Mwandishi yeyote anayefika hapa mkono utamwasha kuiandika. Babu lazima aliiona au aliisikia, maana ilikuwa inafanya safari zake.

Nimeiandika kurasa mbili asubuhi, mchana nimezitoa. Kijana wangu anaona meli inapakia watu na mizigo. Hajui kwamba imewahi kulala chini ya ziwa miaka. Nikimwambia msomaji wakati kijana hajui, nitakuwa nimemwacha kijana nyuma na kwenda mbele na msomaji, na kuanzia hapo msomaji atamtazama kwa huruma badala ya kutembea naye. Pengine baharia fulani anaweza kumwambia, kwa sentensi moja, naye asiamini. Hiyo inaruhusiwa. Habari ikija kwa mdomo wa mtu, na kijana akawa na uamuzi wa kuamini au kukataa, imekuwa tukio.

Ujiji nimekwenda jioni. Mahali walipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871 pana mnara na pana makumbusho. Havimhusu kijana wangu hata kidogo.

Alhamisi usiku, kwenye treni

Tumeondoka Kigoma. Nimechagua daraja la tatu, sehemu ya safari hii niliyoisubiri kuliko zote.

Jirani yangu ni mama mmoja mwenye mtoto na kapu, mbele yetu vijana wawili wanaorudi chuoni. Wameniuliza ninaandika nini. Nilipowaambia, mmoja akasema babu yake naye alikuwa manamba, akarudi na cherehani. Mwingine akasema wa kwao hakurudi. Kwa dakika chache behewa zima la jirani likawa linataja mababu. Hakuna niliyemkuta ambaye hana wa kumtaja.

Nimewaza sana lugha usiku huu. Riwaya ni ya Kiswahili, lakini babu alipopanda treni hakukijua Kiswahili, labda maneno ya sokoni. Nyumbani ni Kiha. Mswada wa kwanza haukulijali jambo hili, kila mtu anazungumza vizuri na kila mtu. Nimeamua hivi: akizungumza na watu wa kwao, maneno yake yawe Kiswahili kizuri, kamili, chenye utani na methali, kwa sababu katika lugha yake yeye ni kijana mwepesi wa maneno. Akizungumza na wageni kwa Kiswahili, maneno yawe machache na yenye kukatika. Msomaji atamwona mtu yule yule akiwa na akili mbele ya ndugu na akionekana mzito mbele ya mnyapara. Stesheni kwa stesheni Kiswahili chake kinaongezeka. Akifika Korogwe aweze kuuliza, akimaliza mwaka aweze kubisha. Kukua kwake kuonekane kwenye sentensi zake kabla hakujaonekana kwenye jambo lingine lolote.

Wanafunzi wanaohama mkoa au kuingia bweni wakiwa na lafudhi ya kwao watakijua kitu hiki bila kuelezwa.

Uvinza tumepita gizani. Chumvi ya hapa imechemshwa tangu enzi na enzi kutokana na maji ya chemchemi, na wauzaji wamekuja madirishani na taa zao.

Ijumaa, Tabora

Urambo tuliipita alfajiri. Hapa ulikuwepo ule mradi wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha mwaka 1947 huko Kongwa, Nachingwea na hapa, wakauacha mwaka 1951 baada ya kupoteza fedha nyingi. Maana yake babu alipita mwaka mmoja baadaye. Kwenye behewa lake lazima walikuwepo watu waliofanya kazi kwenye mradi huo na sasa wanatafuta kazi nyingine. Nimempata hapo mhusika niliyekuwa namkosa: mtu mzima, amewahi kuendesha trekta, ameona mzungu akishindwa na udongo, na haogopi kusema. Anakaa karibu na kijana, anamfundisha Kiswahili, na ndiye wa kwanza kugundua kwamba umri wa kijana na stakabadhi aliyobeba havilingani.

Tabora reli inagawanyika, moja inakwenda Mwanza. Nilitembea jukwaani huku treni ikisubiri, nikajaribu kufikiri kama mtu ambaye anaweza kushuka. Mwandikishwa aliyetoroka alikuwa amevunja sheria, angeweza kushtakiwa. Lakini kijana wangu akitoroka, anayetafutwa ni nani? Jina lililo kwenye orodha ni la kaka yake. Askari watakwenda Kasulu kwa mtu mwenye kidonda. Nilisimama pale pale na kuandika nikiwa nimeegemea nguzo, kwa sababu hapo ndipo riwaya ilipopata shingo yake. Kijana hawezi kukimbia bila kumponza kaka. Safari aliyoipanda kwa furaha imekuwa kifungo, na aliyekifunga ni yeye mwenyewe. Atajua hivyo Tabora, si kabla, na msomaji atajua pamoja naye, sekunde ile ile.

Mchana wote tumekuwa msituni, miyombo kila upande, asali inauzwa kwenye chupa. Sina la kuongeza.

Jumamosi, Dodoma hadi Morogoro

Dodoma ilikuwa kupita tu. Kuanzia Gulwe kuteremka Kilosa reli inafuatana na mto Mkondoa, ule ambao kila masika ya mvua nyingi unaing'oa. Milima inakaribia dirisha. Nililala kidogo na nilipoamka tulikuwa tambarare, karibu na Kimamba, na nikaona mkonge.

Umepandwa kwa mistari, kijivu na kijani, unyoofu wa kuchosha macho. Kwangu ni mmea wa utotoni. Lakini nilikaa nikifikiri kuhusu yule ambaye hajawahi kuuona. Alipita hapa. Aliuona kutoka dirishani, eka baada ya eka, majani kama mapanga yaliyochomekwa ardhini, na huenda hakuna aliyemwambia kwamba ndio huo. Angeweza kuuliza unaliwa vipi. Nimempa swali hilo amuulize yule rafiki yake wa Urambo, na rafiki anajibu, "Huo ndio unaokula."

Mahali pengine nisingethubutu kuweka jibu kama hilo, lingekuwa tamu kupita kiasi. Lakini amelisema mtu ambaye anapenda kusema mambo ya namna hiyo, na baadaye kijana atakuja kuchoshwa na maneno yake mazuri. Nimeliacha.

Morogoro jioni. Watu wa siku hizi wanafika hapa kutoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme.

Jumapili, Morogoro hadi Korogwe

Mwaka 1952 reli ya kati na reli ya Tanga zilikuwa hazijaungana. Kipande cha kuziunganisha kutoka Ruvu kilifunguliwa 1963. Mtu wa kutoka Kigoma alilazimika kuiacha treni na kumalizia kwa barabara. Mama anakumbuka babu akisema walipakiwa kwenye lori wakapita Handeni. Mimi nimepanda basi la Chalinze na Segera, kwa sababu niliambiwa shamba wananisubiri kesho asubuhi.

Kuna kitu nimekigundua nikiwa kwenye basi hilo. Babu, katika simulizi zake zote, hakuwahi kuisahau treni. Alituhadithia breki, filimbi, makaa, mpaka rangi ya viti. Lori alilitaja kwa sentensi moja. Zamani nilidhani ni kwa sababu hapakuwa na la kusema. Sasa nadhani yalikuwepo mengi. Mtoto aliyekuwa na hamu ya gari la moshi alikuwa amelipata, hamu imekwisha, na kilichobaki kilikuwa kazi. Ndani ya lori ndimo alimoacha kuwa mtoto, na hakutaka kutuonyesha. Kwa hiyo sura ya lori nitaiandika ndefu.

Hii ndiyo njia ninayoifuata kwa historia ya ukoo: palipo na maelezo mengi, nichukue kidogo, palipo na sentensi moja, nikae. Ndugu wakinieleza jambo mara kumi kwa maneno yale yale, limeshakuwa wimbo wa ukoo na halihitaji mwandishi.

Jumatatu, mashamba ya Korogwe

Nimeamka saa kumi na moja na kuingia shambani na wakata mkonge, kwa ruhusa ya msimamizi. Nimetazama mkono wa mtu mmoja kwa muda mrefu. Anashika jani, anakata miba ya ncha kwanza, kisha anateremka kwenye shina na kulitenga jani kwa pigo moja, bila kugusa majani machanga ya katikati. Anakusanya 30, anafunga bunda, anaendelea. Utomvu unawasha, ukikuingia kwenye mchubuko unaujua. Nilipoomba nijaribu, alinipa kisu na kunionyesha mahali pa kuweka mguu ili mwiba wa jani la jirani usinichome paja. "Hapo kila mgeni anachomwa," akasema. Maneno hayo ni mafunzo ya siku ya kwanza, na katika riwaya yatasemwa kwa kijana akiwa ameshachelewa kuyasikia.

Korona, mashine ya kukwangua majani ya mkonge, inasikika kabla ya kuonekana. Majani yanaingia upande mmoja mazima, yanakwanguliwa kwa maji mengi, upande wa pili zinatoka singa mbichi, yaani nyuzi za mkonge, na makapi yanakwenda zake na harufu yake ya uchachu. Katika uzito wote wa jani, singa ni kama asilimia 4. Zinaanikwa kwenye waya, juani, mistari na mistari, mpaka zinageuka nyeupe. Halafu brashi, halafu marobota.

Mzee mmoja aliyezaliwa kambini alinieleza kipande: kadi ya siku 30, kila siku ukimaliza kazi uliyopimiwa inawekewa alama, usipomaliza siku haihesabiwi. Kadi ikijaa ndipo unalipwa. Nikamuuliza mtu akiugua. Akainua mabega. "Kadi inakungoja."

Kwa riwaya ya vijana hii kadi ni zawadi. Ina visanduku vinavyoonekana kwa macho, na kila kisanduku kina ushindi au hasara. Sura za shambani zitafuata kadi. Na juu ya kadi kuna jina la kaka, ambalo kijana analiitikia kila asubuhi mnyapara akiita, mpaka asubuhi moja mtu wa kwao aliyefika na kundi jipya anamwita kwa jina lake mwenyewe, naye hageuki.

Nilishawishika kuisogeza hadithi mbele. TANU, chama kilichodai uhuru, ilizaliwa Julai 1954, na mwaka 1958 wafanyakazi wa mkonge wa Mazinde, si mbali na hapa, waligoma mgomo mrefu. Ni mambo makubwa, na babu alikuwepo mkoani. Lakini 1958 ana miaka 21 na ana mke. Riwaya ya makuzi huishia pale mtu anapoanza kujibu kwa jina lake. Mazinde itapata kitabu chake.

Jumanne, Korogwe

Mwalimu mmoja, rafiki yangu wa zamani, amenipa vipindi viwili na kidato cha pili. Nimewasomea sura tatu: mstari wa kuandikishwa, jukwaa la Tabora, na siku ya kwanza shambani. Sikuwaambia ni babu yangu.

Kwenye mstari walitulia. Kwenye Tabora mmoja alisema kwa sauti, "Sasa atafanyaje?" na wenzake wakamnyamazisha, jambo lililonipa nguvu kwa wiki nzima ijayo. Kwenye shamba walianza kuchezea kalamu mahali ambapo nimeeleza korona kwa aya ndefu. Nimeweka alama. Maelezo hayo yatavunjwa, yaingie wakati mkono wa mtu uko karibu na mashine.

Maswali yao: Alikuwa na rafiki wa rika lake? Alijua kusoma? Kwa nini hakuandika barua? Kisha msichana wa dawati la nyuma, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Mwalimu, yule mdogo wao wa kike, yeye walimwambia nini?"

Katika sura ya kwanza mtoto huyo anaonekana mara moja tu, amebeba maji. Nikamuuliza kwa nini anataka kujua. "Kwa sababu amebaki na kaka ambaye karatasi zinasema hayupo."

Jioni nikampigia bibi. Nimemuuliza swali la yule msichana, karibu kwa maneno yake. Kimya, kisha akacheka kidogo, kisha akasema mambo ambayo Kasulu sikujua hata kuyauliza.

Alisema kidonda kilipopona, kaka mkubwa alikuwa mtu asiye na stakabadhi. Kwa serikali yeye yuko Tanga anakata mkonge. Basi nyumbani wakakubaliana kwamba akija karani wa kodi au mtu wa baraza, kaka mkubwa ataitwa kwa jina la mdogo. Na anayeweza kuharibu ni mtoto. Kwa hiyo bibi, akiwa na kama miaka 10, alifundishwa kumwita kaka yake jina lisilo lake kila palipokuwa na mgeni. Walimfanyisha mazoezi jioni. Alipokosea hakupewa chakula mpaka aseme sawasawa. Baadaye akazoea, akawa anakosea upande wa pili: wakiwa peke yao nyumbani anamwita kaka mkubwa kwa jina la yule aliyekwenda, na mama anatoka nje.

Jumatano, Tanga

Nimefika nyumbani mchana, na mpaka sasa hivi usiku nimekuwa sakafuni na kurasa za mswada nikizipanga upya. Riwaya ina sauti mbili. Kijana anasafiri na jina la kaka yake, dada yake amebaki na kaka mwenye jina la kijana, na wote wawili wanajifunza kuitikia na kuita uongo, yeye Korogwe na huyu Kasulu, bila barua kati yao. Sura za kijana zitafuata reli na kadi ya kipande. Za dada zitafuata ziara za karani. Vibendera vya 1953 vitakuwa vya dada, kwa sababu vilikuwa vyake tangu mwanzo. Sura ya korona imeshapungua nusu.

Mama amesoma kurasa za jukwaa la Tabora akiwa amesimama. Hakuwahi kuambiwa kwamba jina alilokuwa akilijua kama la baba yake kazini lilikuwa la baba yake mkubwa. Ameniuliza kama nina uhakika, nikampa simu azungumze na shangazi yake mwenyewe. Wamezungumza saa nzima, mlango ukiwa umefungwa. Alipotoka alisema niendelee, ila sura za mtoto wa kike zisomwe kwanza na bibi, ana kwa ana, kabla hazijafika kwa mhariri. Nimekubali. Hiyo ina maana ya kurudi Kasulu kabla ya mvua, nikiwa na angalau sura nne za dada.

Kuna swali moja linalozuia hata ile ya kwanza kuanza vizuri, nalo nitampigia kesho asubuhi: yale mazoezi ya jioni, nani hasa alikuwa anamfundisha kulitamka jina lile, baba yake, mama yake, au kaka mkubwa mwenyewe?